Mtandao Kuelemewa: Wataalamu Wanavyopima Kabla ya Kuongeza Uwezo, kutoka Moshi hadi Kilele cha Kilimanjaro

Mwananchi anayefika katika ofisi ya halmashauri mkoani Kilimanjaro kulipia leseni ya biashara hupewa kwanza namba ya kumbukumbu ya malipo. Namba hiyo haitengenezwi na kompyuta iliyo mezani kwa mtumishi. Ombi husafiri kwa njia ya mawasiliano hadi kwenye seva zilizo mbali na Moshi, na jibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Siku njia ikiwa tulivu, kazi hiyo huchukua sekunde chache. Siku ikielemewa, duara huzunguka kwenye kioo cha kompyuta, foleni hurefuka hadi barazani, na kauli ambayo wengi wameizoea hutolewa: "Mtandao uko chini."

Mara nyingi mtandao hauko chini. Unafanya kazi, ila umebanwa. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu mtandao uliokatika hutengenezwa na fundi, ilhali mtandao uliobanwa humtaka mwenye ofisi aamue jambo la fedha: je, njia iongezwe uwezo, au kuna kitu kingine kinachoila? Akiongeza mapema mno, fedha za umma hulipia nafasi isiyotumika. Akichelewa, huduma hudorora na mwananchi hurudi nyumbani mikono mitupu.

Huduma za Serikali leo zimefungamana na njia hizo kuliko wakati wowote uliopita. Malipo ya taasisi hupitia Mfumo wa Ulipaji Serikalini (MUSE), ununuzi wa umma hupitia NeST, na mapato ya halmashauri hukusanywa kwa kutumia mfumo wa TAUSI. Taasisi nyingi huifikia mifumo hiyo kupitia Mtandao wa Mawasiliano Serikalini (GovNet), unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA). Chini ya yote hayo upo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), ambao umeiunganisha mikoa ya nchi na nchi jirani. Kwa upande wa Kilimanjaro, mkongo huo unafika mpakani Holili.

Mkongo wenyewe una nafasi kubwa. Palipo pembamba mara nyingi ni kipande cha mwisho, yaani njia inayotoka kwenye kituo cha mkongo hadi kwenye jengo la ofisi, kituo cha afya au shule. Kipande hicho hukodishwa kwa kiwango maalumu, tuseme megabiti 10, 50 au 100 kwa sekunde, na hicho ndicho kinachojaa.

Swali la kwanza ni kama njia imejaa kweli. Ruta iliyo mwanzoni mwa kila njia huhesabu data inayopita kwenda na kurudi. Programu ya ufuatiliaji husoma hesabu hiyo, kwa kawaida kila baada ya dakika tano, na kuchora mstari unaoonyesha matumizi kwa saa, siku na wiki. Ofisi isiyo na mchoro huo haina msingi wa kuomba nyongeza, hata kama malalamiko ya watumishi wake ni ya kweli.

Lakini mchoro nao unaweza kupotosha, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Chukua ofisi ambayo njia yake hujaa kabisa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, siku 22 za kazi kwa mwezi, na saa nyingine zote hutumika kwa asilimia 15 tu. Wastani wa mwezi mzima wa siku 30, usiku na mchana, utakuwa takriban asilimia 25. Anayeusoma wastani huo ofisini kwake ataandika kwamba robo tatu ya njia haitumiki na ombi la nyongeza halina sababu. Mwananchi aliyesimama dirishani saa 5 asubuhi ameona jambo tofauti kabisa, na yeye ndiye aliye sahihi.

Kampuni nyingi za mawasiliano duniani hutumia kipimo kingine: vipimo vyote vya mwezi hupangwa kwa ukubwa, asilimia 5 ya juu huondolewa, na kilele kinachobaki ndicho huhesabiwa kuwa matumizi ya mteja. Kwa kutoza ankara, utaratibu huo unafaa. Kwa ofisi ya umma una kasoro. Mwezi wa siku 30 una vipimo 8,640 vya dakika tano, na asilimia 5 yake ni vipimo 432, sawa na saa 36. Ofisi inayofanya kazi saa 8 kwa siku 22 ina saa 176 tu za kuhudumia wananchi. Kuondoa saa 36 ni kufuta moja ya tano ya muda wa kazi, na huenda ikawa ile ile moja ya tano ambayo foleni ilifika barazani. Kipimo cha haki kwa taasisi kama hiyo ni kile kinachochukua saa za kazi peke yake.

Hata kipimo cha dakika tano huficha jambo. Njia ya megabiti 100 inaweza kujaa kabisa kwa dakika moja, kisha ikatumika kwa asilimia 20 kwa dakika nne zinazofuata. Mchoro utaonyesha asilimia 36. Katika dakika ile moja, hata hivyo, simu za ofisini zilikatikakatika na kumbukumbu za malipo zilikwama. Kwa sababu hiyo wataalamu hawaishii kwenye mchoro. Husoma pia idadi ya pakiti ambazo ruta imezitupa kwa kukosa nafasi. Pakiti zilizotupwa zikiongezeka kila siku saa zilezile, njia inajaa, hata kama mstari wa mchoro unaonekana kuwa chini.

Kwa nini basi wataalamu husema njia ianze kufikiriwa inapofika asilimia 70 au 80, badala ya kusubiri 100? Jibu liko kwenye hesabu ya foleni, ambayo ni ileile ya dirisha la benki au mizani ya barabarani. Data haiji kwa mpangilio sawa, huja kwa vishindo. Kwa kanuni rahisi ya foleni, njia inayotumika kwa asilimia 50 hufanya kila pakiti ichukue wastani wa mara mbili ya muda ambao ingechukua njia ikiwa tupu. Kwenye asilimia 80 muda huo huwa mara tano. Kwenye 90 huwa mara kumi, na kwenye 95 mara ishirini. Kutoka 50 hadi 80 mtumiaji haoni mabadiliko makubwa. Kutoka 90 hadi 95 huduma huharibika ghafla, na ndiyo maana ofisi inaweza kukaa mwaka mzima bila tatizo kisha ikaingia taabani katika wiki mbili.

Katika hospitali, uharibifu huo hupimwa kwa dakika za mgonjwa. Kipande kimoja cha picha ya CT huwa na ukubwa wa takriban nusu megabaiti, na uchunguzi mmoja unaweza kuwa na vipande 500. Hiyo ni takriban megabiti 2,100 zinazopaswa kumfikia daktari bingwa aliye katika hospitali nyingine. Njia ya megabiti 10 kwa sekunde iliyo tupu huzifikisha kwa dakika tatu na nusu. Njia hiyohiyo ikibakiwa na megabiti 2 tu, kwa sababu nyingine zinatumiwa na kompyuta za ofisi, picha huchukua zaidi ya dakika 17. Mkoa wa Kilimanjaro una hospitali ya rufaa ya kanda, KCMC, na hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi, zote mjini Moshi, na wagonjwa huzijia kutoka Rombo, Siha, Mwanga na Same. Kila taarifa inayoweza kumtangulia mgonjwa njiani huokoa muda.

Mfano huo unaleta swali la pili: njia imejazwa na nini? Wakulima wa miteremko ya Kilimanjaro wanaijua hoja hii bila kufundishwa. Maji ya mfereji yakipungua mashambani, hakuna anayeanza kwa kupanua mfereji. Kwanza hukaguliwa kama umezibwa na majani, umetoboka, au kuna aliyefungulia maji nje ya zamu yake. Katika mtandao wa ofisi, majani na matundu hayo ni sasisho za kompyuta zinazopakuliwa saa za kazi, nakala rudufu za kumbukumbu zinazotumwa mchana badala ya usiku, kamera za ulinzi zinazotuma picha mfululizo, video zisizohusiana na kazi, na kompyuta zilizoambukizwa virusi. Kompyuta 60 za ofisi moja zikipakua kila moja sasisho la megabaiti 500, hizo ni gigabaiti 30. Njia ya megabiti 20 itahitaji zaidi ya saa tatu kuzipitisha bila kufanya kazi nyingine yoyote. Seva moja ya ndani inayopakua sasisho mara moja na kuzigawa humaliza tatizo hilo bila kuongeza hata megabiti moja.

Kisha kuna zamu. Ruta inaweza kuagizwa itangulize malipo, simu na taarifa za wagonjwa, na kuziacha video zisubiri. Utaratibu huo hauongezi uwezo wa njia, bali unaamua nani asubiri. Kwa njia inayojaa kwa dakika chache tu kwa siku, unatosha. Kwa njia inayojaa saa nne kila siku, unahamisha tu maumivu kutoka dirisha moja hadi lingine, na ofisi inayoutumia kuahirisha uamuzi itajikuta imerudi palepale baada ya muda mfupi.

Upo pia ucheleweshaji usiotokana na kujaa. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Moshi hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 560 kwa barabara, hivyo safari ya kwenda na kurudi inahitaji karibu milisekunde 6, na hakuna malipo yatakayoipunguza. Seva ikiwa Ulaya, safari inaweza kufika milisekunde 150. Kituo kinachotumia setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta husubiri karibu nusu sekunde kwa kila swali na jibu. Mfumo unaouliza maswali 40 mfululizo kabla ya kufungua ukurasa mmoja utachukua sekunde 20 kwenye setilaiti hiyo, iwe njia ina megabiti 5 au 500. Kuongeza uwezo mahali hapo ni kutupa fedha. Kinachohitajika ni njia fupi zaidi, au mfumo usiouliza maswali mengi.

Kipimo rahisi cha kutofautisha hali hizi mbili ni kulinganisha muda wa majibu wa saa 10 usiku na wa saa 5 asubuhi. Kama yote mawili ni marefu, tatizo ni umbali au mfumo wenyewe. Kama usiku ni mfupi na asubuhi ni mrefu, tatizo linaelekea kuwa msongamano, ingawa inabaki kuthibitishwa kama msongamano huo uko kwenye njia au kwenye seva inayohudumia nchi nzima asubuhi hiyohiyo.

Miteremko ya mlima ina mambo yake. Vijiji vya juu vilivyo mbali na mkongo huunganishwa kwa redio za mikrowevu kutoka mnara hadi mnara. Ukanda wa msitu upande wa kusini wa Kilimanjaro hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua kubwa hudhoofisha mawimbi hayo. Redio za kisasa hazikatiki mara moja. Hupunguza kasi ili ziendelee kusikika. Njia iliyoandikwa megabiti 200 kwenye mkataba inaweza kubaki na robo yake wakati wa mvua za masika. Anayepima matumizi dhidi ya 200 ataona asilimia 25 na kusema njia iko wazi, kumbe wakati huo imejaa. Hapo dawa inaweza kuwa antena kubwa zaidi au kufupisha umbali kati ya minara, wala si mkataba mpya.

Mwezi Agosti 2022 Serikali ilizindua huduma ya intaneti yenye kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kupitia TTCL, na kabla ya mwaka huo kwisha huduma ilifikishwa kilele cha Uhuru, mita 5,895. Wengi waliitazama hatua hiyo kama fursa ya watalii kutuma picha. Kwa waongoza watalii na wapagazi ni suala la usalama: mgonjwa wa maradhi ya mwinuko anapaswa kushushwa haraka, na ujumbe wa kumwombea msaada haupaswi kushindana na video za wageni waliofika kileleni alfajiri. Moto uliozuka mlimani Oktoba 2020, na mwingine Oktoba 2022, ulionyesha pia haja ya vikosi vilivyo juu kuwasiliana na walio chini. Njia ya namna hiyo haipimwi kwa wastani. Hupimwa kwa siku mbaya kuliko zote, na nafasi ya dharura hutengwa tangu mwanzo.

Kilele kingine cha matumizi kinajulikana na kila mkazi wa mkoa. Katika wiki ya mwisho ya Desemba Wachagga walioko Dar es Salaam, Arusha, Dodoma, Mwanza na nje ya nchi hurudi nyumbani. Marangu, Machame, Kibosho, Uru na Rombo hujaa watu na simu. Kwa minara ya simu ya miteremko hiyo, Desemba ni mwezi tofauti na miezi mingine yote. Je, njia ya mnara ipanuliwe kwa ajili ya wiki mbili? Mtoa huduma mwenye busara haongezi uwezo wa kudumu kwa msimu mfupi kama huo endapo mkataba unamruhusu kuongeza kwa muda, lakini pia hachukui takwimu za Januari na kudai kuwa mahitaji yameporomoka. Desemba hulinganishwa na Desemba iliyotangulia. Kwa vyuo vikuu vya Moshi, kilele huangukia msimu wa usajili wa wanafunzi, na kwa halmashauri huangukia Juni, mwaka wa fedha unapofungwa.

Jambo ambalo husahaulika zaidi ni siku ya kukatika. Taasisi makini huwa na njia mbili, ili moja ikikatwa na mtambo wa kuchimba barabara nyingine ibebe kazi. Njia hizo zikitumika kila moja kwa asilimia 60, mchoro unaonekana salama. Moja ikikatika, iliyobaki inatakiwa kubeba asilimia 120 ya uwezo wake. Kwa taasisi yenye njia mbili zilizo sawa, kizingiti ni asilimia 50 kwa kila moja, tena pungufu kidogo.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na huduma za intaneti zikadorora nchini Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Siku hizo ofisi ya Moshi ingeweza kuongeza njia yake mara kumi bila kupata nafuu yoyote kwa huduma zilizo nje ya nchi, kwa kuwa pembamba palikuwa baharini. Huduma ambazo seva zake ziko nchini zilikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuendelea. Hiyo ni sababu mojawapo ya kubadilishana data ndani ya nchi, kama inavyofanyika katika vituo vya Dar es Salaam na Arusha, badala ya kuizungusha ng'ambo.

Ikishathibitika kwamba njia inajaa, kwamba hakuna uvujaji, na kwamba tatizo si umbali, linabaki suala la tarehe. Chukua njia ya megabiti 100 ambayo kilele chake saa za kazi ni 45, na matumizi yanakua kwa asilimia 4 kila mwezi. Itafika 70 baada ya miezi 11 hivi. Kama taratibu za ununuzi, mkataba na ufungaji huchukua miezi minne, ombi linapaswa kutoka katika mwezi wa saba, mchoro ukiwa bado chini ya asilimia 60. Mwaka wa fedha wa Serikali nao huanza tarehe 1 Julai, na bajeti za taasisi hutayarishwa miezi mingi kabla ya hapo. Ofisi inayosubiri foleni ifike barazani mwezi Agosti ndipo iombe nyongeza, inaomba fedha ambazo hazimo katika mpango wa mwaka huo.

Mfumo mpya unapoletwa, mstari huo wa ukuaji huvunjika. Kuhamishia huduma moja mtandaoni kunaweza kuongeza kwa siku moja matumizi ambayo yangechukua mwaka kukua. Kwa hiyo afisa TEHAMA anapaswa kuulizwa kabla mfumo haujazinduliwa, na jaribio kufanyika katika kituo kimoja, ikiwezekana kile chenye njia dhaifu kuliko vyote, badala ya makao makuu ambako kila kitu hufanya kazi.

Mwananchi anayekutana na huduma iliyokwama anaweza kusaidia kipimo hicho. Taarifa inayosema "mtandao ni mbovu" haimfikishi fundi popote. Inayotaja ofisi, huduma iliyokwama, siku na saa, inaweza kulinganishwa na mchoro wa ruta wa dakika hiyohiyo. Baada ya njia kuongezwa, ulinganisho huo hurudiwa kwa siku ileile ya wiki na saa ileile. Kama muda wa majibu haukupungua, msongamano ulikuwa mahali pengine, na upimaji unaanza upya kutoka kwenye ruta inayofuata.